Kiuno cha Asteria

Samuye, 9 Juni 2024

Kwa binti wa kaka yangu, Asteria,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi hatujambo, isipokuwa mama yako, na jambo lake unalijua: mkono wa kulia bado umelala na ulimi haujarudi tangu kiharusi kile. Namlisha, namgeuza, namsimulia habari za kijiji, hata zile nisizo na uhakika nazo. Mtama tumevuna, si haba. Ng'ombe wa jirani wameingia tena kwenye viazi vyetu, nikasema maneno ambayo itabidi niyapeleke kwa padri.

Sasa kazi. Katika mfuko huu aliokuletea konda Eliya kuna pensi za maua, zile ulizosema wanawake wenzako wa mwaloni wanazitaka. Nimetumia kitambaa cha madera, kile chepesi kinachokauka ukiwa bado unakianika. Nimekuelewa vizuri: mtu akisimama majini kutwa hapo mwaloni anaosha mchanga wa dhahabu, gauni likilowa linamvuta chini, na kanga peke yake inafunguka mbele ya wanaume. Pensi ndani, kanga juu, heshima imebaki. Mimi mwenyewe nimejaribu moja kwa sababu ya joto hili nikajiona msichana. Mama yako alicheka kwa upande mmoja wa uso.

Ila sikiliza. Lastiki sitii. Maji ya huko yana madawa, lastiki itaoza upesi. Na tena lastiki ni ya fundi asiyemjua mteja wake. Mimi nashona kiuno cha mtu. Kila anayetaka pensi mpime kwa uzi wa katani kama nilivyokufundisha: kutoka nchani hadi fundo la kwanza ni kiuno, kutoka hapo hadi la pili nyonga, hadi la tatu paja. Mwishoni funga kitambaa chenye rangi yake nisichanganye watu. Na wewe jipime. Uzi wako wa zamani ninao hapa msumarini, lakini ni wa mwaka ule uliorudi kutoka kwa Athanas, na siku zile ulikuwa umekonda kwa hasira.

Najua simu yako ilizama mwaloni. Wala usihangaike na za kuazima, maana hapo kila mtu anatega sikio. Weka barua ndani ya mfuko, mimi nitavaa miwani yangu nisome taratibu.

Shangazi yako,
Tereza


Masumbwe, machimboni, 30 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mpe na mama shikamoo yangu, umshike ule mkono uliolala unapomwambia. Mimi naendelea.

Pensi zimekwisha siku ileile. Rosemary, yule ninayelala naye chumba kimoja, alichukua ya bluu yenye maua ya njano akaivaa papo hapo, akaingia nayo majini akicheza. Wanaume wa kwenye karasha, ile mashine ya kuponda mawe, waliacha kazi yao wakauliza kama zipo za kwao. Tukawaambia fundi wetu hapimi wanaume. Sasa kila mtu anataka, hata mama muuza chai ambaye hajawahi kulowa miguu. Nyuzi zao nimezifunga pamoja. Wangu ni wenye kitambaa chekundu.

Huku jua ni kali na vumbi ni la kukata kwa panga. Chakula sikitamani sana siku hizi, na jioni miguu inavimba, lakini nani huku hana miguu iliyovimba. Samahani kwa mwandiko, naandikia gotini.

Nilijipima mara mbili, shangazi. Sijakosea.

Mwanao,
Asteria


Samuye, 21 Julai 2024

Mwanangu Asteria,

Marahaba, na mama yako anasema marahaba kwa macho. Binamu yako Wilbard, kitindamimba wangu, amepata kazi ya ulinzi Kahama na amenitumia kilo mbili za sukari, kama vile mimi ni msiba. Nimeshukuru.

Nyuzi zimefika. Nimezining'iniza zote ukutani, na wako mwekundu nikaushusha, nikaulaza juu ya meza sambamba na ule wa zamani. Nikautazama. Nikavua miwani, nikaifuta, nikautazama tena.

Sisemi kitu. Mdomo wangu nimeutia kufuli na ufunguo nimeutupa kisimani. Lakini Asteria, fundo la kwanza limesogea, na mimi nimepima viuno vya wanawake tangu hujazaliwa. Sijasahau siku ng'ombe wa mahari waliporudishwa kwa kina Athanas wakipita mbele ya nyumba zote, na mama mkwe wako anasimama barabarani anasema shamba halioti. Sijasahau mama yako alivyojifungia ndani. Mungu hasahau pia. Anachelewa, basi.

Usiogope, najua miiko. Kwetu tumbo halitajwi, macho ya watu ni mabaya. Mwanamke akiulizwa hujibu ni shibe, ni gesi, ni maji ya kisima. Mimi nilipokuwa na Wilbard niliapa kwa watu wote kwamba ni maharage, hadi siku uchungu ulipoanza nikaapa tena. Kwa hiyo ukinijibu, jibu kama inavyojibiwa.

Pensi yako nimeiongeza kiunoni, ina maua meupe. Kula.

Shangazi yako


Masumbwe, 18 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Habari za mama? Natumaini mmeanika michembe ya viazi, maana huku watu wanauza viazi kama wanauza mawe ya dhahabu. Rosemary anakusalimu. Mama muuza chai anasema pensi yake imembana nyuma lakini hataki uibadilishe, anasema hivyo ndivyo alivyotaka.

Hakuna kitu, shangazi. Ni tumbo tu. Duka la dawa wamenipa vidonge vya gesi nikameza, halikushuka. Tafadhali usimwambie mama lolote.

Nimeisoma tena hii barua kabla ya kuifunga nikaona nimekujibu vilevile ulivyotaka nikujibu. Sijui niandike vipi.

Uzi wangu umo humo. Fundo limesogea tena.

Asteria


Samuye, 8 Septemba 2024

Mwanangu,

Gesi! Nimecheka hadi cherehani ikakata uzi. Wabeja, asante mwanangu, umejibu kama mwanamke mzima. Mficha uchi hazai, lakini mficha tumbo huzaa salama.

Nisamehe, nimemwambia mama yako. Usikasirike. Nilikuwa namlisha uji, amegeuza uso ukutani kama kawaida yake, hataki. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia sikioni: Asteria fundo lake limesogea. Akageuka. Akafungua mdomo, akahangaika nao, kisha likatoka neno. “Mjukuu.” Asteria, tangu kiharusi hajawahi kusema neno likaeleweka! Nilidondosha kikombe. Sasa anakula. Anataka kukalishwa mlangoni aote jua. Jana mkono wa kushoto ulishika kitambaa nilipokuwa nakata, akanishikia hadi mwisho.

Jambo moja. Fundo la paja limerudi nyuma. Kiuno kinaongezeka na paja linapungua. Nimeliwazia sana hilo, kisha nikasema basi, mtoto huchukua chake kwanza, mama anabaki na makombo. Ndiyo sababu nimekuwekea michembe na karanga. Zile karanga usigawe.

Pensi hii nimeitia marinda mbele ili itanuke. Maua ni ya zambarau. Nani baba yake, sikuulizi. Ni yule Makoye mwenye duara, shimo lake la dhahabu, uliyemtaja wakati ule? Sikuulizi kabisa.

Shangazi yako mwenye furaha


Masumbwe, 6 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Karanga zimefika, nimekula kidogo, nyingine amekula Rosemary. Makoye ana mke, ndiye huyo mama muuza chai, na mimi na Makoye hatujawahi kukaa hata benchi moja. Usimtaje tena kwenye barua.

Leo naandika wazi. Si mimba. Nimekwenda hospitali, wamenipiga picha ya tumbo, hakuna mtoto. Kuna maji. Daktari ni kijana mpole. Aliniuliza kama nimekulia kwenye majaruba ya mpunga, nikamwambia kwetu Samuye nani hakukulia humo. Akauliza na sasa nafanya kazi gani, nikamwambia nasimama majini. Akaandika. Anasema ni kichocho cha zamani, kimelila ini polepole miaka yote hii, na ini likishakuwa hivyo maji yanajaa tumboni. Dawa ya wadudu amenipa. Ya ini hana.

Si uongo wa miiko. Si gesi ya maharage yako. Ni maji, shangazi, maji kweli, na ninaona jinsi neno hilo litakavyokufikia ukicheka.

Na nina kosa. Jumapili Rosemary alinipa simu yake, nikapiga kwenye yako nikusimulie kwa mdomo. Ulikuwa umekwenda kisimani. Mama Dorah jirani alipokea, akamwekea mama sikioni. Nilisikia anavyopumua. Kisha akasema “mjukuu?” Namna alivyoliuliza, shangazi. Nikasema ndiyo, mama. Nikakata simu.

Nisaidie kuliondoa hilo neno. Mimi siwezi.

Asteria


Samuye, 20 Oktoba 2024

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mvua za kwanza zimenyesha, kidogo, za kulaza vumbi. Mama yako anakaa mlangoni asubuhi nzima, na watu wanaopita wanamsalimia tena.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Kwangu unaandika hapana, kwa mama yako umesema ndiyo, tena kwa sauti yako mwenyewe, Mama Dorah akiwa shahidi. Nimwamini nani? Binti hawezi kumdanganya mama aliyelala kitandani. Basi nikaelewa: mfuko huu unapita mikononi mwa Eliya, unalala stendi ya Kahama, na barua haina lakiri. Umeandika kwa ajili ya macho yao. Hata daktari umemtia ndani! Mimi nilitia maharage tu.

Hilo la ini sitaki kulisikia tena hata kwa mzaha. Ukiita ugonjwa kwa jina unakuja.

Paja limerudi nyuma tena. Kula, Asteria. Nakuomba ule.

Natuma pensi za wenzako. Yako nimeongeza rinda.

Tereza


Masumbwe, 10 Novemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Rosemary anataka nyingine, ile ya bluu imepauka. Mama muuza chai anataka mbili. Nyuzi zimo.

Wangu umo pia. Sina nguvu ya kueleza, na nikieleza huniamini. Utazame wenyewe, wewe unajua kusoma fundo kuliko barua.

A.


Samuye, 24 Novemba 2024

Mwanangu! Mama fulani!

Vigelegele nimevipiga hadi kuku wa jirani wakaruka ua. Uzi nimeufungua mlangoni mbele ya mama yako, nikaulaza juu ya ule wa mwezi uliopita. Fundo la kiuno limerudi! Limerudi pale lilipokuwa mwaka ule! Nikasema, Suzana, wifi yangu, binti yako amejifungua. Akalia kwa macho yote mawili, hata lile la upande uliolala.

Na wewe na ubishi wako, hukuandika hata neno. “Utazame wenyewe.” Nimeutazama, mwanangu. Nimekusamehe yote.

Wa kike au wa kiume? Nimeshona vya rangi zote ili nisikosee. Ni vipande vya pensi zenu, nilikuwa naviweka vyote kwenye kikapu tangu Julai: meupe, ya zambarau, yale ya njano ya Rosemary. Kuna vigauni viwili, kuna vikaptula vidogo kama soksi, kuna kofia. Vifungo vya kofia amevichagua mama yako. Uzi alikuwa ananivutia kwa mkono wa kushoto, na kila nikimaliza kimoja ananyoosha kidole: kingine.

Leo baada ya misa nimemwomba padri tukatoa shukrani. Mama mkwe wako wa zamani alikuwepo, amekuja msibani kwa ndugu zake. Nilimtazama hadi akainamisha kichwa. Mungu anisamehe, niliifurahia shukrani ile kuliko inavyotakiwa.

Niandikie jina lake.

Shangazi yako, sasa bibi


Masumbwe, 8 Desemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Na mama, shikamoo.

Mfuko umefika. Rosemary aliufungua mbele yangu kwa sababu mimi sikuweza kukaa, akatoa kimoja kimoja akavipanga juu ya shuka. Alipofika kwenye kofia akatoka nje. Nimevitazama sana. Mshono umenyooka kila mahali. Pale maua yanapokutana katikati hakuna ua hata moja lililokatwa.

Hakuna mtoto, shangazi. Walinilaza, wakanichoma sindano ubavuni, maji yakatoka kwa mrija hadi tumbo likalala. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikajipima kwa sababu uliagiza nyuzi. Niliona fundo liliporudi, nikafikiri kwa kuwa halipungui hivyo kwa gesi wala kwa uongo, hapo utaelewa. Sikufikiria kwamba na mtoto hutoka vilevile.

Kama huniamini, muulize Eliya. Ndiye aliyenishusha kwenye basi mikononi siku niliyotoka hospitali, mbele ya stendi nzima. Alisema dada, wewe mbona huna uzito. Muulize kama nilikuwa nimebeba mtu.

Maji yamekwisha kurudi. Daktari alinionya: wakitoa, yanarudi. Mara haraka, mara polepole, hajui. Nilimuuliza watatoa mara ngapi, akasema tutaona. Anasema tutaona kwa kila kitu. Kuosha mchanga nimeacha. Naogopa, shangazi. Mchana najikaza mbele ya wenzangu, lakini naogopa.

Sikutaka kukunyang'anya. Nilitaka tu mtu mmoja ajue ninaumwa nini, na nilitaka awe wewe.

Nguo hizi sijui nizifanyie nini. Rosemary anasema kuna aliyezaa kule karibu na karasha, nimpe. Nimesema ngoja kwanza.

Mama usimwambie. Au mwambie. Nimekuachia wewe, na najua si haki.

Asteria


Samuye, 15 Desemba 2024

Asteria mwanangu,

Nilimuuliza Eliya. Alivua kofia kabla hajanijibu.

Nimezishusha nyuzi zako zote msumarini nikazilaza mezani kwa mpangilio wa miezi. Sikuwa nimewahi kutazama fundo la tatu peke yake. Lilikuwa linasema tangu mwanzo, kila mwezi, nami nikaliwekea majibu yangu. Nimelia, nimekasirika, nimemwambia Mungu maneno ambayo padri hatayapata. Kwenye majaruba yale ni mimi niliyekuwa nakupeleka, tukipanda mpunga, wewe ukicheza na vyura. Nani alijua.

Nilifunga mzigo Jumatano nije kwako. Mama Dorah alikubali kukaa na mama yako. Lakini aliponiona nakunja kanga, mama yako alinyoosha mkono kwenye gauni lake la kanisani. Anataka avalishwe. Anataka kuja kumwona mtoto. Nikamwambia safari ni ndefu, akashika pindo langu na ule mkono wa kushoto hadi jioni. Mzigo nimeufungua. Kesho nitajaribu tena, na keshokutwa, lakini simwoni akiniachia, na sioni namna ya kumwambia ninakokwenda si kwa mtoto.

Kila jioni anauliza. Siku hizi anasema vizuri kidogo, “mtoto?” Namjibu amelala. Anaridhika, anakula.

Nguo zile mpe huyo aliyezaa. Kofia ibakize.

Nimekushonea pensi moja, ndiyo iliyomo humu. Kitambaa ni kilekile cha maua meupe, chepesi, hakitakuelemea ukilala. Nilikaa nayo siku mbili nikishindwa kukata kiuno, maana uzi ulionao leo sijui kama ndio utakaokuwa nao ikifika. Nimetia lastiki.

Shangazi yako,
Tereza